Wenye watoto wanaotaka udaktari wa meno Marekani: GPA peke yake haitoshi, njooni tuelewane

kinywa_kwanza (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kila mwaka dirisha la maombi ya vyuo vya meno likifunguliwa, simu yangu inajaa ujumbe wa wazazi wetu walioko huku, na malalamiko karibu yote yanafanana: mwanangu ana GPA (wastani wa alama za chuo, huku juu kabisa ni 4.0) ya 3.8 kanyimwa, mtoto wa fulani ana 3.4 kapata vyuo viwili. Wengine wanasema ni bahati, wengine wanasema kuna mkono wa mtu. Mimi ni daktari wa meno, niko Minnesota, nimesomea huku huku, na nimekaa na vijana wengi wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo tukipitia fomu zao mstari kwa mstari. Uzi ni mrefu, someni taratibu.

Tuanze na tulikotoka, maana shida inaanzia hapo. Tanzania kijana anamaliza form six, PCB yake (fizikia, kemia, baiolojia) ikikaa vizuri anaomba DDS, digrii ya udaktari wa meno, Muhimbili na anashindana kwa ufaulu. Kenya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanageuzwa kuwa pointi za cluster, na KUCCPS, chombo cha serikali cha kugawa nafasi za vyuo, inampangia. Hakuna anayemuuliza Jumamosi zake anazimalizia wapi. Mzazi aliyekulia kwenye utaratibu huo anamwambia mtoto jambo moja tu: soma, mengine achana nayo. Mtoto anatii, anamaliza chuo na A nyingi, na fomu yake kwenye sehemu ya shughuli iko tupu.

Huku udaktari wa meno unasomwa baada ya chuo. Wengi wanapiga miaka minne ya digrii ya kwanza, halafu minne ya DDS au DMD (herufi tofauti, sifa ile ile). Maombi mengi yanapitia mfumo mmoja, AADSAS. Texas wana wa kwao, TMDSAS, kwa vyuo vyao vya serikali. Ndani ya fomu kuna alama zote za chuo, matokeo ya DAT (mtihani wa kuombea vyuo vya meno), barua za watu wanaokufahamu, insha isiyozidi herufi 4,500, na sehemu ya uzoefu: kazi za mshahara, kujitolea, utafiti, uongozi, na masaa uliyokaa kliniki na daktari wa meno ukimwangalia anavyofanya kazi.

Sasa mizani yenyewe. Waombaji ni zaidi ya 11,000 kwa mwaka na wanaoingia mwaka wa kwanza nchi nzima ni 6,000 na kitu. Kila mmoja anaomba vyuo vingi kwa mpigo, kwa hiyo chuo chenye viti mia moja kinaweza kupokea maombi zaidi ya elfu. Hapo namba ndizo zinazochuja kwanza. Kamati ya chuo inayochagua wanafunzi inatazama GPA ya jumla, GPA ya sayansi na DAT. Wastani wa wanaoingia unacheza karibu na 3.6. Aliye chini sana ya hapo, bila maelezo na bila DAT nzuri, faili lake vyuo vingi halifunguliwi mpaka mwisho.

Waliopita hapo sasa wanasomwa kama watu. Na hapa ndipo wazazi wetu wanapopotea. Mwenye 3.8 anadhani ile 0.4 aliyomzidi mwenzake inamfuata mpaka siku ya uamuzi. Kwa sehemu kubwa haimfuati. Namba zilikuwa zinajibu swali moja: huyu ataweza masomo ya miaka miwili ya mwanzo, anatomia, fiziolojia, famasia? Kamati ikiridhika kwamba ataweza, inahamia maswali mengine. Anaijua kazi hii au anaipenda kwa mbali? Anaweza kukaa na mgonjwa mwenye hofu, anayenuka mdomo, anayelia? Mikono yake ikoje? Atarudi kuwahudumia watu gani?

Maswali hayo si mapambo. Mwanafunzi wa meno anaanza kuwatibu watu kwenye kliniki ya chuo akiwa bado anasoma, mara nyingi kufikia mwaka wa tatu. Akigundua wakati huo kwamba hawezi kuinama juu ya mdomo wa mtu saa nzima, kiti kimepotea na deni limebaki. Wahitimu wenye mikopo wanamaliza wakidaiwa kwa wastani karibu dola 300,000. Ndiyo maana vyuo vingi vinapenda kuona kama masaa 100 ya kukaa kliniki, na wanapenda uwe umekaa na zaidi ya daktari mmoja: wa kawaida, wa watoto, wa upasuaji wa kinywa.

Nawasilisha. Karibuni kwa maswali.

mzazi_wa_houston

Daktari asante kwa somo, ila mimi sikubaliani na huo utaratibu wenyewe. Alama ni haki. Mtihani haujui wewe ni mtoto wa nani. Hayo ya kujitolea ni ya wenye nacho. Mtoto wa daktari anakaa kliniki ya baba yake masaa 200 bila shida, wikiendi anajitolea, analipiwa kodi ya nyumba. Wangu anatoka darasani anaingia kazini mpaka usiku, kesho yake ana maabara. Huo muda wa kujitolea ataupata wapi? Mnatuambia tena amekosa kwa sababu hakujitolea?

kinywa_kwanza

Mzee wangu, hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juu juu. Ni kweli mwenye ndugu daktari anaanza mbele. Vyuo vyenyewe vinalijua hilo, ndiyo maana fomu ina sehemu ya kazi za kulipwa, tena inauliza ulifanya masaa mangapi kwa wiki. Kijana aliyepata 3.5 akifanya kazi masaa 25 kwa wiki hasomwi sawa na aliyepata 3.5 akiwa hana jukumu lingine. Lakini kamati haiwezi kusoma ambacho hakikuandikwa, na watoto wetu hawaandiki. Wanaona kazi ya mshahara ni ya kuficha, wanatafuta kitu cha kujitolea cha wiki mbili ndicho wakijaze.

Nikupe mfano. Binti mmoja aliniletea fomu yake. Amefanya kazi ya CNA (msaidizi wa nesi) kwenye nyumba ya wazee zaidi ya miaka miwili, zamu za usiku. Sehemu ya kazi ameandika mstari mmoja: anawasaidia wazee kuoga na kula. Nikamuuliza, usiku kabla hawajalala unawafanyia nini? Akasema, nawatoa meno ya bandia, nayapiga brashi, nayaloweka kwenye kikopo chenye jina la mwenyewe, kisha nawasafisha fizi kwa sponji. Kuna bibi mwenye kusahau alikuwa anafunga mdomo kabisa, na yeye ndiye aliyejua kwamba ukimwekea mswaki mkononi mwake mwenyewe na ukamshika mkono, anafungua. Kuna babu aliacha kula. Yeye ndiye aliyeona kidonda pale meno ya bandia yanapokalia ufizi, akamwambia nesi.

Huyo binti amefanya kazi ya kinywa kuliko wengi wanaoomba naye, na alikuwa hajaandika hata neno moja. Tukaiandika upya kama alivyonisimulia, bila kuongeza chumvi. Mwulize wa kwako anafanya nini hasa akiwa kazini. Dakika kwa dakika.

Na jingine: kusuka nywele, kushona, kuchora, kutengeneza simu, kupiga gitaa, vyote vinahesabika. Vyuo vinatafuta mikono yenye utulivu. Hata DAT ina sehemu nzima ya kuona maumbo: maswali 90 kwa dakika 60, kupanga pembe kwa ukubwa, kuhesabu vijiboksi, kukunja karatasi kichwani na kusema matundu yataishia wapi.

toto_la_mji

Mkuu nisaidie na mimi. Mwaka wa kwanza niliyumba, nilikuwa nimetoka Dar moja kwa moja, baridi, lugha, kila kitu. Kemia nilipata C. Nikairudia nikapata A. Transkripti ya chuo chetu inaonyesha A tu, ile C haiingii kwenye GPA. Niko salama?

kinywa_kwanza

Mdogo wangu, kwenye AADSAS zinaingia zote mbili. Wao wanapiga hesabu upya wenyewe: somo la krediti 4 ulilopata C na lile lile la krediti 4 ulilopata A yanakupa krediti 8 zenye wastani wa 3.0. Chuo chako kitakuonyesha 4.0 kwenye hilo somo, kamati itaona 3.0. Wapo wanaoomba wakijiamini kwa GPA ambayo kamati haitaiona kabisa, kwa hiyo piga hesabu yako mapema.

Lakini usife moyo. Fomu hiyo hiyo inaonyesha GPA ya kila mwaka peke yake. Aliyeanza na 2.8 akamaliza na 3.9 anaeleweka kirahisi kuliko aliyeanza na 3.9 akashuka. Ukiongeza masomo ya juu ya sayansi, baiokemia, fiziolojia, mikrobaiolojia, na ukayapiga vizuri, unajibu swali la kamati kuliko kurudia kemia mara ya pili. Na DAT nzuri inasaidia sana mtu mwenye historia kama yako, kwa sababu ni kipimo kimoja kwa wote. Angalia tu usilinganishe namba zako na za kaka zako: zamani matokeo yalitoka kwenye kipimo cha 1 mpaka 30, tangu Machi 2025 yanatoka kati ya 200 na 600.

nyundo_ya_ukweli

Daktari naheshimu kazi yako, ila wengine watakusoma vibaya. Huku kwetu nimeona vijana wawili wenye masaa mengi kuliko umri wao: kanisani, hospitali, benki ya chakula, kila mahali wapo. GPA 2.9. Wameomba miaka miwili mfululizo, hela ya maombi imekwenda, hawajaitwa hata usaili mmoja. Waambie watoto ukweli kwamba alama ni kwanza. Shughuli haziokoi GPA mbovu.

kinywa_kwanza

Upo sahihi na nashukuru umesema kwa sauti. Ngoja niweke wazi ili asipotee mtu: shughuli hazifidii alama zilizo chini ya mstari. Aliye na 2.9 aache kutafuta masaa zaidi ya kujitolea, arudi darasani, achukue masomo ya sayansi baada ya digrii au shahada ya pili ya sayansi, athibitishe kwamba anaweza. Hata kupunguza zamu za kazi kama nyumbani wanaweza kuvumilia ni uamuzi halali. Wazazi mnaosoma hapa: kama mtoto anataka njia hii na mnaweza kumpunguzia mzigo wa kodi kwa muhula mmoja, muhula wa kemia oganiki ndio huo.

Ninachosema ni kwa aliyevuka mstari. Kutoka 3.7 kwenda 3.9 kunamwongezea kidogo. Kutoka sifuri ya kliniki kwenda masaa mia kunambadilishia faili zima.

njeri_mn

Daktari, habari ya leo? Mimi niko na kijana hapa Minneapolis, yuko mwaka wa pili. Likizo tunaenda nyumbani Nakuru na mjomba wake ako na kliniki ya meno. Mjomba amesema atamfundisha hata kung'oa jino, ati akirudi hiyo itamweka mbele ya wengine wote. Ni vizuri ama?

kinywa_kwanza

Mama, aende kwa mjomba, akae, aone, aulize, aandike kila jioni alichokiona. Asing'oe jino. Akiandika kwenye fomu kwamba aling'oa jino la mtu akiwa hana mafunzo wala leseni, kamati itasoma kwamba huyu kijana anaona mgonjwa wa Nakuru ni wa kujifunzia, jambo ambalo asingethubutu kulifanya Minneapolis. Linamharibia kuliko kumjenga. Na kusema kweli hata bila kamati, huyo mgonjwa ana haki yake.

Akiona jinsi mjomba anavyoamua wakati mgonjwa ana hela ya kung'oa tu na hana ya kuziba mzizi, hilo ni jambo la kuandika. Pia achanganye na masaa ya kliniki za huku, maana vyuo vinataka kujua kama anaelewa kazi ilivyo Marekani: bima, rekodi, wasaidizi wa kliniki.

Kuna nafasi nyingi za bure ambazo watu wetu hawazijui. Remote Area Medical, shirika la Tennessee, wanazunguka majimbo wakifungua kliniki za siku mbili tatu za meno na macho bila malipo, na wanahitaji watu wa kuandikisha wagonjwa, wa kusafisha vifaa, na wakalimani. Vyama vya madaktari wa meno vya majimbo vina siku kama hizo.

baba_ya_mapacha

Jambo kwa wote. Sisi ni Wakongo, tuko Iowa City. Binti yangu anamaliza chuo, GPA 3.6. Hana utafiti, hana mambo makubwa. Ila toka akiwa na miaka kumi na tatu ndiye anatupeleka hospitali, anatafsiri Kiswahili na Kiingereza kwa familia yetu na kwa watu wengi wa kanisa letu. Hiyo nayo inahesabiwa? Na rangi yake inamsaidia ao inamuumiza?

kinywa_kwanza

Baba, inahesabiwa sana, mradi aiandike kwa masaa na kwa mifano. Mtoto wa miaka kumi na tatu anayemwelezea mama yake habari ya jino linalopasuliwa, neno moja moja, ameona upande wa mgonjwa ambao madaktari wengi hatujawahi kuuona. Aeleze siku moja ilivyokuwa, alikosa neno gani, mgonjwa alikubali nini bila kuelewa. Akiweza apate cheti cha ukalimani wa tiba, kazi yake itatambulika rasmi.

Kuhusu rangi: tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha kuchagua wanafunzi. Lakini hukumu yenyewe ilisema mwombaji hakatazwi kueleza jinsi rangi au asili yake ilivyogusa maisha yake, ikiwa inahusiana na kile atakacholeta chuoni. Kwa hiyo asijifiche. Aandike alikotoka na alichokifanya.

Sasa kitu ambacho nataka wote mkishike, kwa sababu ndicho kinachowapotezea watu hela: mizani haifanani chuo kwa chuo. Harvard wanachukua wanafunzi kama 35 tu kwa mwaka, na wanapenda waliofanya utafiti. East Carolina, ambako chuo cha meno kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011, kinachukua wakazi wa North Carolina peke yao na kinataka watakaokwenda vijijini. Kliniki zake za mafunzo zimetawanyika mikoani makusudi. A.T. Still kule Arizona kilijengwa juu ya huduma kwa jamii, kwa hiyo historia ya kujitolea kwa miaka mingi ina nguvu zaidi pale kuliko kwingine. University of New England iko Portland, Maine, mji ambao umejaa ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na skuli yake ya meno ilifunguliwa 2013 kwa sababu upande ule wa nchi ulikuwa na uhaba wa madaktari wa meno. Howard, tangu 1881, na Meharry, tangu 1886, ndivyo vyuo viwili vya kihistoria vya Weusi vyenye skuli ya meno, na vimesomesha sehemu kubwa ya madaktari weusi wa meno wa nchi hii.

Binti yako ana chuo cha serikali hapo hapo Iowa City, na vyuo vya serikali vinawapa wakazi wa jimbo nafasi ya mbele, ada nayo ni nafuu. Aanzie nyumbani. Kisha asome malengo ya kila chuo anachotaka kuomba na ajiulize kama maisha yake yanafanana nayo. Ukalimani wake una thamani kubwa kwenye chuo kinachohudumia wahamiaji. Kwenye chuo cha utafiti utasomwa kwa heshima, na wataendelea kuuliza maabara iko wapi.

mzazi_wa_houston

Nimerudi. Nimekaa na kijana jana nikamwuliza kama ulivyosema. Kumbe hapo ghalani anapofanya kazi ndiye anayefundisha wageni wote wanaoingia, na wengi ni wazee wa Kikongo wasiojua Kiingereza. Sikujua. Swali: barua ya mapendekezo inaweza kutoka kwa msimamizi wake wa ghala?

kinywa_kwanza

Inaweza, ikiwa ni ya ziada. AADSAS inapokea barua mpaka nne. Vyuo vingi vinataka mbili za walimu wa sayansi na moja ya daktari wa meno, ila angalia masharti ya kila chuo. Hiyo ya nne msimamizi anaweza kuandika, na mara nyingi ndiyo inayosema kitu ambacho profesa wa darasa la watu mia tatu hawezi kukisema. Amwombe mapema, asisubiri Mei.

Kwa kuwa uko Texas: sheria ya jimbo inavibana vyuo vya meno vya serikali, wanafunzi wa nje ya jimbo wasizidi asilimia 10. Kijana wako mkazi ana Houston, San Antonio, Dallas na El Paso. Ajaze TMDSAS kwanza.

Na muwe macho na hela. Kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025, wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wao wa serikali kuu kwa fani kama hii una ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ule wa Grad PLUS uliokuwa unafidia pengo umeondolewa. Chuo binafsi cha ghali kinaweza kuzidi hapo mbali. Kwa hiyo unapomchagulia mtoto vyuo, ada iwe kwenye meza tangu siku ya kwanza.

mhitimu_muhimbili

Daktari shikamoo. Mimi nimemaliza DDS nyumbani, nimefanya internship, niko huku na mume wangu. Je, na mimi nianze upya na DAT na kujitolea?

kinywa_kwanza

Marahaba mwanangu. Hapana, njia yako ni nyingine. Kuna mfumo unaitwa CAAPID kwa madaktari waliosomea nje. Unafanya mtihani wa bodi, INBDE, na wa Kiingereza, vyeti vyako vinakaguliwa, kisha unaomba programu za miaka miwili au mitatu zinazokupa DDS au DMD ya hapa. Kwako wewe alama za Muhimbili ni mwanzo tu. Vyuo vingi vitakuita na kukukalisha mbele ya meno ya plastiki ukate, uzibe, uchonge taji, wakikutazama kwa saa kadhaa. Fanya mazoezi ya mikono kila wiki. Na wakati unasubiri, tafuta kazi ya msaidizi wa kliniki ya meno, majimbo mengi yanaruhusu. Inakulipa, inakupa daktari wa kukuandikia barua, na unajifunza rekodi na bima za huku. Nitumie ujumbe pembeni uniambie uko jimbo gani, tuanze na vyuo vilivyo karibu yako.